Nilikuwa Njiani

Somo tulilokuwa tumewaandalia mwezi huu tumeliacha mezani, kwa maana tumerudi kutoka safari ambayo hatuwezi kuinyamazia. Akina mama wa kanisa moja kule Marsabit walikuwa wameomba muuguzi wa kuwafundisha jinsi ya kumtunza mtoto anayeharisha, na jina letu likatajwa. Baba watoto ndiye aliyekuwa aendeshe gari. Usiku wa kuamkia safari akapigiwa simu kwamba baba yake mdogo amefariki, na asingeweza kukosa mazishi. Akasimama mlangoni na ufunguo mkononi, akauliza, “Mama, utaweza peke yako?” Tukamjibu kwamba tutaweza. Hatukumwambia jinsi tulivyoogopa. Wala hatukumwambia kwamba si urefu wa barabara tuliouogopa.

Tuliondoka Meru saa kumi na mbili asubuhi. Nyuma ya gari tulikuwa na mitungi miwili ya maji ya lita 20, gurudumu la akiba, jaki, mikate, na katoni ya pakiti za ORS kwa ajili ya somo letu. Juu huko ni baridi na mashamba ya ngano, lakini ukianza kuteremka kuelekea Isiolo unavua sweta, na ukifika mjini unafungua vioo vyote. Hapo tulijaza mafuta, tukatazama maji ya rejeta, tukamwomba Mungu atutangulie, tukashika njia ya kaskazini.

Leo barabara yote kutoka Isiolo mpaka Moyale, mpakani mwa Ethiopia, kilomita zipatazo 500, ina lami safi. Unavuka mto Ewaso Ng'iro pale Archer's Post, halafu mlima Ololokwe unakutokea ukiwa umesimama peke yake, umekatwa bapa juu kama meza. Baada ya hapo miti inapungua kimo na kupungua idadi, mpaka inabaki michongoma, mawe na vumbi jekundu. Redio ilianza kukoroma, kisha ikanyamaza. Simu nayo ikakosa mtandao.

Mama mpendwa, hebu fikiri ni lini mara ya mwisho ulipokaa saa tatu bila mtu yeyote kukuita. Nyumbani tunaitwa kuanzia jogoo la kwanza. Mama, soksi yangu iko wapi? Mama, kuna mgeni. Kazini ni hivyo hivyo, sista huku, sista kule. Kwa hiyo mwanzoni tulifurahi kama mtoto aliyefungiwa shule. Tuliimba nyimbo zote za kwaya tulizozijua, sauti ya kwanza na ya pili. Kisha nyimbo zikaisha. Tukabaki na mlio wa gari na upepo, na katika ukimya ule likaja jambo ambalo kwa miaka mingi tulikuwa tumelizuia kwa kazi nyingi. Ndilo hasa tulilokuwa tukiliogopa.

Lilitokea mwaka 2009. Wengi wenu mnaukumbuka ukame wa mwaka ule, wakati wafugaji walipohama na ng'ombe wao mpaka kwenye mitelemko ya Mlima Kenya, na mizoga ikalala kando ya barabara. Tulikuwa vijana bado, tukifanya kazi katika wodi ya watoto ya hospitali moja kusini mwa Isiolo. Siku ile tulikuwa wauguzi wawili kwa wodi nzima, nasi hatukuwa tumekula tangu asubuhi. Saa kumi jioni akaingia mama mmoja kutoka kaskazini, shanga shingoni, miguu imejaa vumbi mpaka magotini, amembeba mtoto wa umri wa mwaka mmoja hivi.

Muuguzi yeyote akimwona mtoto wa namna ile anajua. Macho yalikuwa yameingia ndani. Alikuwa akilia bila machozi, tena kwa sauti ndogo kama ya paka. Tulipoivuta ngozi ya tumbo lake na kuiachia, ilibaki imesimama. Alikuwa ameharisha siku nne. Tulikimbilia dripu, na huku tukitafuta mshipa ambao ulikuwa umekwisha kujificha, tukamgeukia yule mama tukamwambia kwa ukali, wodi nzima ikisikia, “Wewe ulikuwa wapi siku zote hizi?”

Hakujibu, kwa kuwa hakukijua Kiswahili. Lakini sauti yetu aliielewa. Alishusha macho, akajifunika uso kwa shuka.

Mtoto alifariki kabla ya mapambazuko. Asubuhi, mama mmoja mfagizi wa wodi aliyekuwa akijua Kisamburu aliketi naye kitako. Baadaye akatujia pale tulipokuwa tukiandika faili, akasema, “Sista, yule mama anataka nikupe jibu la swali lako. Anasema, nilikuwa njiani.”

Akatueleza yote. Yule mama alikuwa ametembea usiku kucha kutoka boma lao mpaka barabara kuu, maana mchana jua lingemmaliza mtoto. Alikaa kando ya barabara siku moja na nusu akingoja gari. Lori la mbuzi lilipomchukua, likapata pancha mara mbili. Safari yote ilikuwa ni siku tatu. Tulikwenda kumtafuta tumwombe radhi, lakini alikuwa amekwisha kuondoka.

Ndiyo sababu tuliiogopa barabara ile. Boma lake lilikuwa upande wa Merille, nasi tungepita hapo.

Kutoka Isiolo mpaka Merille ni kilomita 136. Kwa gari letu, juu ya lami, tulitumia saa mbili na kidogo, na maji ya kunywa yalikuwa karibu na mkono. Mwaka 2009 lami hiyo ilikuwa bado inajengwa, na kutoka Merille kwenda Marsabit ilikuwa mawe matupu, na watu walizoea kusafiri kwa misafara kwa kuogopa majambazi. Tulitazama nje ya dirisha, kilomita baada ya kilomita, tukitafuta kivuli ambacho mtu angeweza kukaa na mtoto mgonjwa siku moja na nusu. Tukakuta mti mmoja, halafu kwa muda mrefu hatukuuona mwingine. Wasomaji wapenzi, tulikuwa tumejifunza shuleni dalili zote za upungufu wa maji mwilini na kuzijibu vizuri katika mtihani. Lakini hakuna aliyetufundisha urefu wa njia.

Mbele ya Merille tulimwona mwanamke kando ya barabara akiinua chupa tupu juu. Mtu akisafiri huko atawaona wengi hivyo, hata watoto. Hawaombi pesa, wanaomba maji. Tulisimama. Alikuwa na msichana mdogo na kitoto cha mbuzi kilichofungwa kamba. Tukamsalimu kwa maneno machache tunayoyajua, “Supa, yeyo,” naye akacheka kwa matamshi yetu, akaitikia. Tukamtazama usoni kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Hakuwa yeye. Angekuwaje yeye, baada ya miaka mingi namna hii?

Tulimjazia chupa yake. Akamnywesha msichana kwanza, kidogo kidogo, akimzuia asigugumie. Kisha akamimina kiganjani, akampa mbuzi. Akaifunga chupa kwa uangalifu. Yeye mwenyewe hakunywa. Tukampa kikombe chetu kilichojaa, tukamwonyesha kwa mkono kwamba hayo ni yake, na tukakataa kuingia garini mpaka aliponywa. Alikunywa akiwa amefumba macho. Nasi tulikumbuka kwamba yule mama wa mwaka 2009 alikuwa wodini tangu saa kumi jioni mpaka asubuhi, na katika usiku wote ule hatukumpa hata maji ya kunywa.

Baada ya Laisamis ni jangwa la Kaisut. Huko jua likipanda, barabara mbele yako inajaa maji. Unaona ziwa kabisa, linang'aa, na mlima unajitazama ndani yake. Ukikaribia, linarudi nyuma. Hayo ndiyo mazigazi. Hewa iliyo karibu na ardhi inapopata joto kali huupinda mwanga wa mbingu, nawe unaona mbingu chini ukidhani ni maji. Tulipokuwa tukiyafukuza maji yale yasiyofikika, tulimkumbuka Hajiri.

Mnaijua habari yake katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 21. Alifukuzwa na mkate na kiriba kimoja cha maji, akapotea katika jangwa la Beer-sheba. Maji yalipokwisha alimlaza mtoto chini ya kichaka, akaenda kuketi mbali, umbali wa mtupo wa mshale, ili asione mtoto akifa. Mara nyingi tumeisikia sehemu hii ikihubiriwa kama habari ya mama aliyekata tamaa. Siku ile tuliisoma moyoni kama wauguzi. Tumewaona akina Hajiri wengi wakisimama kwenye varanda ya wodi, wakiwa wamegeuka upande wa pili, nasi tumesemezana, “Tazama, hata hamjali mtoto wake.” Kumbe wako umbali wa mtupo wa mshale.

Angalieni pia kwamba Biblia haisemi Mungu alichimba kisima kipya. Inasema alimfumbua macho, naye akakiona kisima. Jambo hili tulilielewa kesho yake.

Tulifika Marsabit saa tisa alasiri. Baada ya jangwa lile, mlima ule wenye msitu na ukungu ni kama mtu amekufunulia pazia. Akina mama walitupokea kwa nyimbo na chai ya maziwa ya ngamia, wakataka kumwona dereva, na walipoambiwa kwamba dereva ni sisi, wakapiga vigelegele. Asubuhi yake tulisimama mbele yao na pakiti zetu tukaeleza. Mtoto anayeharisha hauawi na kinyesi, huuawa na maji na chumvi zinazomtoka mwilini bila kurudishwa. Mtoto huyo anyonyeshwe zaidi, wala asinyimwe chakula. Apewe ORS kila anapoharisha. Aliye chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu ya kikombe kikubwa, na mkubwa zaidi apewe nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha endelea kwa kijiko, polepole. Kituo cha afya humpa pia vidonge vya madini ya zinki vya siku 10 hadi 14, navyo vimalizwe hata kama amepona.

Mama mmoja akainua mkono. “Sista, na kama pakiti hakuna?”

Tukamjibu lile ambalo kila mama anapaswa kulijua kwa moyo. Chukua lita moja ya maji safi, yaliyochemshwa na kupoa. Tia vijiko vidogo vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote visawazishwe, visifurike. Usizidishe chumvi kwa kudhani itafanya kazi upesi, kwa kuwa chumvi nyingi humdhuru mtoto. Koroga mpaka viyeyuke, na kitakachobaki baada ya siku moja kimwagwe.

Yule mama aliwatazama wenzake. “Sukari tunayo,” akasema. “Huku hata nyumba iliyokosa kila kitu haikosi sukari ya chai. Chumvi nayo ipo. Mbona hatukuambiwa?”

Wapenzi, tuliishiwa na maneno. Yule mama wa mwaka 2009 huenda naye alikuwa na sukari na chumvi katika nyumba yake. Hata kama maji yalikuwa haba, kisima kilikuwa pale pale alipomlaza mtoto. Hakuna aliyemfumbua macho. Na si kwamba elimu hiyo ilikuwa mpya. Mwaka 1971, wakati wakimbizi wa vita vya Bangladesh walipokuwa wakifa kwa kipindupindu katika kambi za India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na dripu, akaamua kuwapa wagonjwa maji ya chumvi na sukari kwa vikombe, na vifo vikapungua sana. Baadaye, katika miaka ya 1980, shirika la BRAC la Bangladesh liliwatuma wanawake waende nyumba kwa nyumba, kijiji kwa kijiji, wakawafundishe akina mama kutengeneza maji hayo kwa chumvi na sukari guru. Katika miaka kumi walizifikia nyumba zaidi ya milioni 12. Wao walikwenda njiani. Sisi tulikaa wodini tukiuliza watu walikuwa wapi.

Hapo tuliliacha somo tukawasimulia habari ya mtoto yule, pamoja na swali letu na jibu la mama yake. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kuisema mbele za watu. Walipokwisha kutafsiriwa, mama mmoja mzee aliyekuwa ameketi karibu na mlango akauliza, “Mtoto huyo aliitwa nani?”

Hatukujua. Tulikumbuka namba ya kitanda chake, tukakumbuka hata mshipa tuliokosa kuupata, lakini jina hatukulikumbuka. Yule mzee hakutulaumu. Alisema tu, “Basi tumwombee mama yake,” akasimama akaomba kwa lugha yake, muda mrefu, na wengine wakamwitikia. Hatukuelewa hata neno moja. Tulilia kama tusivyolia kwa miaka.

Tuliporudi nyumbani, baba watoto alikuwa naye amerudi kutoka mazishini. Tulimweleza yote usiku ule, watoto walipolala. Alikaa kimya, kisha akauliza, “Na miaka yote hii ulikuwa ukibeba jambo hili peke yako?” Hakusema kwa ukali. Tukamjibu kwamba ndiyo. Akavuta kiti karibu. Hatuwezi kuwaambia kwamba uzito wote umeondoka, maana mtoto yule hakurudi. Lakini tangu siku hiyo hatuubebi peke yetu, na Mungu wa Hajiri, yule aonaye, ameuona.

Kuna jambo moja tunaomba mlichukue mwezi huu. Katika sura ya 16 ya Mwanzo, Hajiri alipokimbia mara ya kwanza, malaika alimkuta penye chemchemi njiani, naye akamuuliza anatoka wapi na anakwenda wapi. Kwa kuyatazama maneno, swali hilo halitofautiani sana na lile letu la wodini. Lakini malaika aliuliza akangoja jibu, na Hajiri akajibu. Sisi tuliuliza ili kumhukumu mtu.

Nasi akina mama tunauliza hivyo kila siku. Tunamuuliza mtoto aliyechelewa kutoka shuleni, msichana wa kazi aliyetumwa sokoni, na hata mwenzetu aliyekosa ibada miezi miwili, siku anapoingia kanisani tunamgeukia na kumwambia, “Na wewe ulikuwa wapi?” Huenda alikuwa njiani. Huenda amengoja kando ya barabara, na mzigo wake mgongoni, muda mrefu kuliko tunavyojua. Mpe kwanza maji ya kunywa. Kisha muulize polepole, na ungoje ajibu.

Na wewe uliye na mtoto mdogo, weka sukari na chumvi mahali pa karibu, na vile vipimo uviandike ubandike ukutani. Lakini mtoto akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akilegea au kuzimia, akishikwa na degedege, macho yakiingia ndani, au kinyesi kikiwa na damu, usingoje. Vilevile aliye chini ya miezi sita apelekwe mapema akiwa bado ananyonya. Mbebe uende, huku ukimnywesha njiani. Na ukikuta muuguzi mkali mlangoni, ingia hivyo hivyo. Mwambie ulikuwa njiani.

Mpaka mwezi ujao, Bwana awabariki na kuwalinda.